Jiwe la Fearghas Majivuni

Nilikuwepo, na macho yangu hayajawahi kunidanganya hata siku moja.

Kwetu, milimani Uskoti, usiku wa Samhain, sikukuu ya mwisho wa mavuno, kila mtu huweka jiwe lenye alama yake kando ya moto mkubwa. Asubuhi jiwe lako lisipoonekana, Samhain ijayo huifikii.

Alfajiri, rafiki yangu Fearghas alipanda kilimani na ndoo kuchukua makaa ya kuwashia moto nyumbani. Giza lilikuwa zito, makaa yakitatarika majivuni. Akapapasa mawe yote, lake lenye msalaba halikuwepo.

“Pole, kaka,” alisema mdogo wake, Ailean, aliyemfuata. “Mama yake Seonag atavunja harusi. Nani atamwoza binti yake kwa maiti?”

“Umejuaje kama halipo? Sijafungua mdomo.”

Ailean akacheka. “Haya, nimelichukua mimi. Kila kitu wewe, kila kitu wewe! Shamba wewe, hata Seonag wewe?”

Fearghas aliumia zaidi ya kuambiwa atakufa. “Nimekubeba mgongoni tangu mama azikwe, Ailean. Ndiyo shukrani hii? Lete jiwe langu.”

Ailean akalitoa mfukoni, akalisogeza kwenye mwanga wa makaa. Halikuwa na msalaba. Lilikuwa na mikwaruzo miwili, alama ya Ailean mwenyewe.

Nyuma yao kitu kikaanguka majivuni, pu! Wakageuka. Jiwe la Fearghas lilikuwa mahali pake, mahali pa Ailean patupu.

Kusema kweli, ile “pu” nimeitia mimi. Jiwe lilirudi bila sauti yoyote.