Maji ya Moto ya Saa Nane

Dushi ilikuwa imefungwa, lakini shimo la maji liliendelea kumeza.

Furaha alipiga magoti kwenye simenti ya bafu, akatega sikio. Robine zote mbili, ya moto na ya baridi, zilikuwa zimekazwa. Alizijaribu kwa mkono, kisha kwa spana. Hakuna tone lililoanguka. Hata hivyo, chini humo kitu kilikuwa kikivuta maji kwa midomo midogo, kikakohoa, kikavuta tena. Halafu ikapanda harufu ya nywele zilizoungua.

"Ni hewa," alijiambia. Alikuwa amesomea mambo ya maji miaka mitano Bukavu, na alijua vizuri hewa inaweza kufanya nini ndani ya bomba.

Dushi hiyo aliihangaikia miezi miwili kwa ajili ya mama yake, aliyeteleza na ndoo ya maji ya moto, akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuweza kuoga bila kushikwa. Kwanza Jean-Marie, fundi wa bomba, aliwaletea kutoka Bujumbura kichwa cha dushi chenye matundu kama ya sindano, kilichotengenezwa kwa nyumba za ghorofa zenye pampu. Hapa kwao Kimanga kilitoa mate tu. Tena maji baridi alikuwa ameyaunga moja kwa moja na bomba la mji, huku ya moto yakishuka kwa uzito wake tu kutoka mtambo wa jua juu ya bati. Ya baridi yalikuwa na nguvu, yakayasukuma ya moto yarudi yalikotoka.

"Madmazeli, iko bien," alisema Jean-Marie. "Ni kuzoea tu."

"Weye utazoea kuoga na mate?"

Furaha akabomoa yote. Maji ya kuingia mtamboni na ya baridi akayatoa kwenye tangi moja, tangi akalipandisha mita nne juu ya dushi, akafunga kichwa kipana chenye matundu makubwa. Jumatatu saa nane mchana, jua likiwa limechemsha mtambo vya kutosha, alifungua maji ya moto peke yake kwa dakika kumi ili apime. Lita tisa kwa dakika, digrii sitini na nane. Jioni yake mama alioga amesimama, akicheka kama msichana, na usiku shimo likaanza kumeza.

Jumanne, saa nane kamili, Furaha alihisi moto miguuni. Alipovua viatu alikuta malengelenge. Jumatano, saa ileile, yalikuwa yamepita magoti. Alipima kwa futi kamba kuanzia kisigino: jana sentimita kumi na tano, leo hamsini. Hakuhitaji kalamu. Ijumaa yangefika kifuani.

Alhamisi saa nane shimo lililia, na haikuwa hewa tena, kilikuwa kilio cha mtoto mchanga ambaye koo lake limejaa maji, kikapita ndani ya bomba, kikazunguka ukutani, kikapanda hadi kwenye kichwa cha dushi kilichofungwa, na ndani ya kilio hicho kulikuwa na sauti ya pili, ya mwanamke, iliyombembeleza mtoto kwa kumtajia mwili wake, goti, paja, kiuno, na kila ilipotaja mahali, ngozi ya Furaha mahali hapo ilinyanyuka taratibu, kama soksi inayovuliwa na mtu asiye na haraka.

Mama yake akamwita Maalim Abdoul-Karim. Mzee alikaa mlangoni mwa bafu, akasoma kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Ile siku, kabla ya kufungua, ulisema nini?"

"Niseme nini, Maalim? Nilikuwa napima."

Mama alishika mdomo. "Furaha! Unamwaga maji ya moto bila bismillahi? Bila kuwaambia wenyewe wa chini wapishe?"

"Mama, ni bomba."

"Na minye nilikuwa na ndoo, nikawaonya kila siku kabla ya kumwaga!"

"Iko mutoto wao chini," alisema Maalim. "Ameungua hadi kifua. Mama yake analipiza, mahali kwa mahali."

"Muwafukuze basi!" alisema Furaha.

"Nitawafukuza namna gani, watu waliokuwa hapa babu yako hajajenga bado? Naweza kuwauliza tu."

Akauliza. Maji yakapanda hadi ukingo wa shimo, yakatulia, yakitoa mvuke. Maalim alisikiliza, uso ukimkauka.

"Anasema hawezi kumubeba. Kila akimugusa, ngozi inamubakia mukononi."

"Na akipatikana wa kumubeba?" aliuliza mama.

"Mama, hapana," Furaha alinong'ona.

Lakini mama alikwisha kujishusha kwa kushika ukuta. Akainamia shimo kama mtu aliyekuja kumpa pole jirani.

"Mwenzangu, minye niko na mmoja tu. Uniachie wangu. Wako nipe, nitamuuguza."

Maji yakashuka.

Ijumaa saa nane ilipita. Furaha alikaa na saa mkononi, na kifua chake kilibaki baridi. Uani mama yake alikuwa akitembea bila fimbo, ameinama, amefunga kitenge mgongoni kwa namna ya kubeba mtoto. Ndani ya kitenge hakukuwa na kitu cha kuonekana, lakini kitambaa kilining'inia kwa uzito, kimeviringika chini, na maji yalidondoka hadi visigino vyake.

"Sasa analala," alisema mama. "Anapenda nimupake mawese."

Adhana ya alasiri ikasikika. Mama akafungua fundo.

"Mushike kidogo niswali. Shika shingo, hapo hakuungua."

Furaha akanyoosha mikono. Uzito ukatua humo, moto, laini kupita kiasi, kilo nne hivi. Vidole vidogo vikakishika kidole chake. Kitu kikamnusa mkono wote, polepole, na kilipomtambua, kikaanza kupiga kelele.