Ukewenza wa Kompyuta

Chumba cha intaneti cha Bi Mgeni kilikuwa Kariakoo, chini ya nyumba ya ghorofa tatu, kati ya duka la vitenge na fundi wa saa. Kilikuwa na meza tano, viti tisa na feni moja yenye kelele. Siku hizo, miaka ya elfu mbili ikianza, vyumba vya namna hiyo vilifunguliwa kila mtaa. Kila mwenye mtaji kidogo alijaribu biashara. Wengine waliuza mitumba. Bi Mgeni aliuza dakika za kukaa mbele ya kompyuta.

Kabla ya hapo alikaanga samaki sokoni Feri kwa miaka kumi na sita. Moshi ulimharibia macho. Daktari hakumficha. "Ukirudi kwenye moshi, mama, utapofuka," alimwambia. Basi yeye na mumewe, Mrisho, waliuza kiwanja cha urithi wakanunua kompyuta nne. Fundi alikuja, akavuta nyaya, akaziunganisha, akaenda zake. Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri.

Kisha wakanunua kompyuta ya tano.

Fundi alikuwa amesafiri. Bi Mgeni hakutaka kumsubiri, maana alimwona akifanya kazi na yeye mwenyewe akili anazo. Alifungua kompyuta ya pili, akatafuta ukurasa wenye nambari za mtandao, akazinakili zote kwenye daftari. Halafu akaziandika kwenye kompyuta ya tano, nambari kwa nambari, nukta kwa nukta. Hakuacha hata moja. Akajisifu moyoni.

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Jumatatu kompyuta ya tano ilikataa intaneti. Jumanne ya tano ilikuwa nzima, lakini ya pili ikakataa. Jumatano asubuhi ya pili ilipona na ya tano ikaugua. Saa tano umeme ukakatika. Uliporudi, ya tano ikapona, ya pili ikaugua tena. Bi Mgeni alibadilisha waya. Akabadilisha meza. Akafuta vumbi kwa kanga yake mpya. Mrisho akafukiza udi.

Mteja wao, Bwana Rajabu, alikuwa mwalimu mstaafu. Kila siku alikuja kusoma barua pepe ya mwanawe aliye masomoni.

"Bi Mgeni, juzi nilikaa hapahapa. Mbona leo hakuna kitu?" aliuliza.

"Hamia ile ya tano, mwalimu."

"Juzi si uliniambia nitoke ya tano nije hii?"

"Nilikwambia. Sasa rudi."

"Mimi ni mteja au kete ya bao?"

Bi Mgeni alimvutia kiti. Kila mara kompyuta iliyougua ilionyesha maneno machache ya Kiingereza kwenye kioo. Yeye aliyafunga haraka kabla mteja hajayaona. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na aibu yake kubwa.

Hata mimi ninayekusimulia ningechanganyikiwa. Ugonjwa tunaoujua hukaa kwa mgonjwa. Huu ulikuwa unahama.

"Hizi kompyuta zina ukewenza," alisema Mrisho. "Ukimchekea huyu, yule ananuna."

"Acha mzaha, Baba Nasma."

"Sifanyi mzaha. Kama si ukewenza, kuna mkono wa mtu. Vyovyote vile, mimi nimechoka. Bi Zamzam wa Ilala anatafuta kompyuta. Nimempa neno langu. Keshokutwa Ijumaa, baada ya swala, anakuja kuzichukua zote."

"Na sisi je?"

"Tutarudi Feri."

"Na macho yangu?"

Mrisho alitazama chini. "Utakaa mbali kidogo na moto," alisema. Hakuyaamini maneno yake mwenyewe. Bi Mgeni alilia siku hiyo, na hakujificha.

Alhamisi asubuhi Nirali alipita mlangoni. Alikuwa binti wa Mzee Champaklal, mwenye duka la vitenge, na walikaa ghorofa ya tatu. Nirali alifanya kazi katika ofisi moja mjini. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kompyuta za ofisi ili zizungumze.

"Shikamoo, Mama Nasma."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona macho mekundu? Umekwenda Feri?"

"Bado. Lakini ndiko ninakopelekwa."

Akamweleza yote. Nirali hakugusa kompyuta yoyote. Aliuliza tu, "Jumatatu uliwasha ipi kwanza?"

"Ya pili."

"Jumanne?"

"Nilianza na ya tano, niione kama imepona. Ikawa imepona."

"Na jana umeme uliporudi?"

"Nilianza na ya tano. Ndiyo iliyo karibu na swichi."

"Basi inayowahi ndiyo inayopona," alisema Nirali. "Hebu nionyeshe nambari ulizoandika."

Bi Mgeni alileta daftari. Nirali akasoma: 192.168.0.12.

"Hii ni ya ipi?"

"Ya pili."

"Na ya tano?"

"Hiyohiyo. Niliinakili bila kukosea!"

"Ndiyo kosa lenyewe, mama. Hii ni anwani. Kila kompyuta lazima iwe na yake. Hizi mbili umezipa moja."

Bi Mgeni alikunja uso. "Sasa hapo sikuelewi. Sisi nyumbani kwetu tuko watu kumi na mmoja, pamoja na wapangaji. Wote tunatumia sanduku moja la posta, la shemeji yangu. Hakuna aliyekosa barua kwa sababu hiyo. Kwa nini kompyuta mbili zishindwe?"

Nirali alicheka. "Umenibana, mama. Tena umesema kweli. Hata duka lako lina anwani moja tu kwa nje. Lakini ngoja. Barua zikitoka posta zikifika nyumbani, nani anazigawa?"

"Mimi."

"Unajuaje ni za nani?"

"Si nasoma jina!"

"Na wakiwepo wawili wenye jina moja?"

Bi Mgeni akapiga makofi. "Wee! Tunaye Idrisa shemeji na Idrisa mpangaji. Siku moja barua ya mchumba wa shemeji nilimpelekea mpangaji. Mkewe ndiye aliyeifungua. Nusura ndoa ivunjike!"

"Basi hizi ni akina Idrisa wako," alisema Nirali, akionyesha kompyuta ya pili na ya tano.

Akamwonyesha kisanduku kidogo chenye taa zinazomweka, kilichokuwa juu ya kabati. "Hiki mafundi wanakiita ruta. Kazi yake ni kama yako. Kinapokea kila kinachotoka nje, kinasoma nambari, kinapeleka kwa mwenyewe."

"Ndiyo maana kinakaa macho muda wote."

"Ndiyo. Na kompyuta zina adabu zake. Ikiamka, inapiga hodi kwa wenzake: jamani, nambari hii ina mwenyewe? Kama kuna aliyewahi, anajibu: ninayo mimi. Basi aliyechelewa anakaa pembeni. Yale maneno ya Kiingereza yalikuwa yanasema hivyo tu, kwamba nambari hii ina mwenyewe."

"Na mimi nikawa nayafunga!" Bi Mgeni alishika kichwa. "Lakini nani aliyezifundisha hizo hodi?"

"Watengenezaji walikubaliana. Makubaliano hayo yanaitwa itifaki. Kompyuta ya Kariakoo na ya Japani zinafuata utaratibu mmoja, ndiyo maana zinasikilizana. Hata barua ya Bwana Rajabu ina itifaki yake. Haiji nzima. Inakatwa vipande vidogo. Kila kipande kinaandikwa kinatoka wapi, kinakwenda wapi, na ni cha ngapi."

"Barua inakatwa? Nirali, mwanangu, nilikuwa nimeanza kuelewa!"

"Kompyuta inayopokea inavipanga upya. Kipande kikipotea, inaomba kitumwe tena."

"Na wewe hayo umeyaona kwa macho?"

"Sijayaona. Lakini barua ya Bwana Rajabu huwa inafika na vipande vimepungua?"

Bi Mgeni alifikiri. "Haijapata," alikubali.

Nirali alimpisha akae mwenyewe mbele ya kompyuta ya tano. "Acha nambari tatu za mwanzo, 192.168.0, kama zilivyo. Badilisha ya mwisho tu."

Bi Mgeni aliandika 786. Kompyuta ikakataa.

"Hiyo umeitoa wapi?" aliuliza Nirali.

"Si nambari ya baraka? Hata kwenye malori wanaiandika."

"Baraka ipo, mama, lakini nafasi haipo. Hapo mwisho usivuke mia mbili hamsini na nne. Tena isiwe ya mwenzake, wala ya ruta."

Bi Mgeni akafungua kompyuta moja baada ya nyingine na kuandika nambari zake. Ruta ilikuwa 1. Kompyuta zilikuwa 11, 12, 13 na 14. Ya tano akaipa 15. Akabandika karatasi yenye nambari juu ya kila kioo. Kisha akazima zote na kuziwasha upya, akianza na ya mwisho. Zote tano zikapata intaneti. Bi Mgeni alipiga kigelegele, fundi wa saa akaja mbio akidhani kuna harusi.

Mrisho aliporudi alizitazama tano zote zikifanya kazi. Alifurahi, kisha akanywea.

"Mama Nasma, nimeshatoa neno. Ahadi ni deni."

"Hata kama zimepona?"

"Mimi sikumwambia Bi Zamzam nauza kwa sababu ni mbovu. Nilimwambia nauza. Sasa nikamwambie nini?"

Bi Mgeni alimjua mumewe. Mrisho hakuwahi kurudi nyuma kwenye neno lake, na kwa tabia hiyo alimpenda. Furaha yote ikamtoka.

Ijumaa baada ya swala Bi Zamzam alifika na mkokoteni. Chumba kilijaa wateja. Bwana Rajabu alikuwa kwenye kompyuta ya pili, anasoma barua na kutabasamu.

"Hizi ndizo?" aliuliza Bi Zamzam. "Mashallah, nzima kabisa. Na mimi nina chumba cha intaneti kule Ilala. Zangu mbili zimekufa."

Mrisho alianza kutafuta funguo za mlango wa nyuma, kompyuta zitolewe huko. Bi Mgeni akauliza taratibu, "Zimekufa vipi, dada?"

"Hata sijui nikwambieje. Leo anakufa huyu, kesho anafufuka, anakufa mwenzake. Nimechanganyikiwa. Nikasema bora ninunue nyingine tano, nianze upya."

Bi Mgeni alisogea karibu. "Unayemwasha kwanza, huyo ndiye mzima?"

Bi Zamzam alimkodolea macho. "Nani kakwambia?"

"Na nambari zake, ulinakili kutoka kwa mwenzake?"

"Kijana wangu alinakili. Tena kwa uangalifu sana!"

"Basi hazijafa, dada. Usinunue kitu. Twende nikakuonyeshe."

Bi Zamzam alimgeukia Mrisho. "Bwana Mrisho, kama ni hivyo, utaniwia radhi? Najua tulipeana neno."

Mrisho aliweka funguo mezani. Uso ulimng'aa, lakini alijikaza kama mtu aliyeonewa. "Nimekuwia radhi. Kompyuta siuzi tena. Mke wangu nakuazima, na umrudishe kabla ya magharibi."

Bi Mgeni hakuwepo kusikia. Alishachukua daftari lake, na alikuwa nje akimwambia mwenye mkokoteni aondoke bila mzigo.