Bakuli Tupu la Pamba

"Sungura jike akipasuliwa hali tena. Hujinyima mpaka afe."

Maneno hayo aliniambia jirani yetu msusi, vidole vyake vikiwa kwenye nywele za mteja, wala hakuinua macho. Nilipomuuliza kayapata wapi, akajibu, "Watu wanasema, Mama Chiriku. Wewe mpeleke tu, utakuja kuniambia."

Nilirudi kwenye cherehani yangu, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikikunja pindo, nalisikia. Nikitunga uzi, nalisikia.

Chiriku ni binti yangu wa darasa la tano. Shuleni ana jina jingine, ila nyumbani tunamwita hivyo kwa sababu hafungi mdomo. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, humwekea sungura wake, Pamba, nyasi kavu na maji safi huku akimsimulia ndoto zake zote. Pamba alikuwa mpole. Alipofikisha kama miezi mitano, akageuka. Akawa anakoroma kwa hasira, anauma vidole, anajinyofoa manyoya ya kifuani kutengeneza kiota, na mimba hana.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, naye akampapasa tumbo, akasema, "Huu ndio wakati wake mzuri wa kutolewa kizazi. Amekomaa, na bado ni kijana mwenye afya. Wengi wasiotolewa hupata uvimbe wa kizazi ukubwani. Ila siku ya operesheni msimfungishe njaa. Sungura hatapiki kama sisi, na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu."

Njiani tukirudi nikamwambia Chiriku, "Haya, atapasuliwa. Lakini akigoma kula baada ya hapo, kosa ni lenu, wewe na daktari wako. Na mnyama hafugwi tena humu ndani!" Nilisema kwa hofu, si kwa hasira, lakini mtoto atajuaje tofauti?

Operesheni ilikwenda salama. Daktari alitupa dawa ya maumivu, akasisitiza, "Mlazeni pakavu, penye joto na utulivu. Aanze kula leo leo. Asipokula au asipopata choo, msisubiri. Mleteni."

Boksi lake nililitandika taulo safi, nikaliweka chini ya meza ya cherehani ili nisimpoteze machoni. Nilikuwa na sare za shule za kumalizia. Mguu ukakanyaga pedali, jicho moja likabaki kwenye boksi.

Jioni Chiriku alichukua bakuli la majani, akajikunja pale chini na sungura wake. Baadaye akaniinulia bakuli. "Amekula, mama! Tazama!"

Bakuli lilikuwa tupu. Nikashusha pumzi. Kumbe msusi ni mwongo tu.

Asubuhi bakuli likawa tupu tena. Lakini Chiriku alikunywa chai yake bila neno. Kaka yake akamchokoza, "Leo redio imeisha betri?" Hakujibu, wala hakumrushia kijiko. Hapo nikaweka kikombe chini.

Niliinama chini ya meza. Pamba alikuwa amejikunyata, macho yamefumba nusu, anasaga meno. Nikainua pembe ya taulo. Lilikuwa safi vilevile nilivyolitandika.

"Chiriku, sungura aliyekula mabakuli mawili, mavi yake yako wapi?"

Akatazama dari. "Labda ameyabana."

"Tangu jana?"

Machozi yakamtoka. Majani yote yalikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya begi kuukuu, yamenyauka. "Ulisema akigoma kula hafugwi tena," akalia. "Nikaogopa utamtoa."

Tulimfunika Pamba kwa shuka, tukatoka karibu tunakimbia. Tulipopita kwa msusi, akapaza sauti, "Si nilikwambia?" Sikugeuka.

Daktari alimshika Pamba tumboni, akauliza, "Mara ya mwisho alikula lini?"

Mimi sikujua. Aliyejua ni mmoja tu. Chiriku akajifuta kamasi kwa mkono wa sare. "Jana asubuhi, kabla ya operesheni. Tangu hapo hajala hata jani. Nilimdanganya mama."

"Asante. Sasa najua pa kuanzia," daktari akasema. Akamchoma sindano ya maumivu, akampa dawa ya kuamsha tumbo, kisha akatuonyesha jinsi ya kumlisha uji wa nyasi zilizosagwa, kidogo kidogo, kwa bomba lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo. "Nyumbani analala wapi?"

"Chini ya cherehani yangu, daktari. Ili nimwone."

Akaushika ukingo wa meza yake, akautikisa, taratara-taratara. "Mama, na wewe ungelala hapa una kidonda tumboni? Ungekula?"

Tulilihamishia boksi kwenye pembe ya chumba cha kulala. Siku ile cherehani haikulia. Sare zilinisubiri, nami nikasubiri sungura. Chiriku alimlisha uji kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwake. Jua lilipoinama, nikasikia kelele, "Mama! Njoo! Amekunya!"

Vilikuwa vidonge vichache, vidogo, vikavu. Tuliviinamia kama watu waliookota lulu. Kisha Pamba akanyoosha shingo, akavuta jani la giligilani, akaanza kutafuna.

Nilimkalisha Chiriku kando yangu. "Habari mbaya niletee ikiwa bado ya moto, mwanangu. Bakuli tupu lilinifurahisha mimi, halikumshibisha Pamba. Nami sitakutisha tena hata ushindwe kuniambia."

"Hata nikivunja sahani?"

"Hiyo tutaongea."

Nanyi wenye sungura jike nyumbani, haya msiyafanye:

Msingoje azeeke ndipo mumwone daktari. Ulizeni akiwa na miezi minne hadi sita.

Msimnyime chakula kabla ya operesheni.

Msimpe dawa ya maumivu ya watu.

Msimlaze penye kelele au baridi, wala juu ya maranda yatakayonasa kwenye kidonda.

Msimwogeshe, na msimwache arukeruke kabla kidonda hakijapona.

Msitazame bakuli peke yake. Tazameni na choo.

Akikataa kula, msiseme tutaona kesho.

Msiulize kwa msusi.

Na mtoto msemaji akinyamaza ghafla, msidhani ametulia.