Koo la Pilipili

Kila alipotoka shule, Pilipili alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni na kubadili sare, ndipo aruhusiwe kumkaribia mdogo wake, aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu. Jina la Pilipili alipewa na bibi yake kwa sababu ya hasira zake, na siku hizo hasira zilikuwa zimempanda hadi utosini.

"Mbona umekunja uso? Unaumwa?" aliuliza mama yake, akiwa kwenye cherehani.

"Siumwi!"

Akaubamiza mlango. Koo lake lilikuwa likiwaka moto, lakini angesema angepelekwa kwa shangazi asimwambukize mdogo wake, na kukosa fainali ya netiboli. Jioni akala na mdogo wake, akikoholea kiganjani.

Siku chache baadaye mtoto alishikwa na homa kali, wakamkimbiza hospitali. Daktari alipouliza nani mwingine anaumwa nyumbani, kikohozi cha Pilipili kikajibu. Mama akamgeukia kama simba.

"Uliniambia huumwi!"

"Yeye, yeye, kila siku yeye! Kwani mimi si mwanao?"

"Nyamazeni!" Daktari alimvisha Pilipili barakoa, akampeleka nje kwenye ukumbi. Naye daktari alikuwa amefura kwa hasira. "Koo lako litapona. Unajua kwa nini? Una seli nyeupe za damu za aina kadhaa. Nutrofili huwahi penye vijidudu na kuvimeza. Monosaiti hufuata, humeza na kusafisha mabaki. Limfosaiti, baadhi hutengeneza kingamwili za kunasa vijidudu, nyingine huua seli zilizoambukizwa, na zipo zinazomkumbuka adui kwa miaka. Dawa za mdogo wako zinaua saratani, lakini zimefagia na nutrofili zake. Kikohozi hicho kwako ni karaha tu. Kwake kinaweza kuwa kifo!"

Hasira zote za Pilipili zikamrudia mwenyewe. Fainali ilichezwa bila yeye, wala hakuiulizia.

Dawa za dripu zilifanya kazi. Homa ilipomwachia mtoto, jambo la kwanza alilofanya ni kugombania mto na muuguzi. Pilipili, aliyekuwa akichungulia kupitia kioo cha mlango, akacheka huku analia.

"Nisamehe, mama."

Mama alishusha pumzi. Hasira hazikuwa zimemwisha. "Nimekusahau mno, hilo ni kosa langu. Kasirika, mwanangu, piga kelele mpaka paa liruke. Lakini ukiumwa, sema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia kwamba kifo hicho huweza kubisha hodi kwa mwingine."