Sauti Laini Kwenye Simu ya Fundi

Mama Pacha alikuwa akikunja nguo za watoto simu ya mumewe ilipoita. Mumewe, fundi seremala, alikuwa uani akipiga randa. Alipoiona namba, akafuta mikono, akaenda kuongelea nyuma ya banda.

"Nipo, dada. Nalala vizuri. Sichoki sana siku hizi."

Mama Pacha alimnyatia, akasikia yote, hata sauti ya upande wa pili. Kila mwezi sauti ile ile ya kike, laini kama mafuta, inamuuliza mume wa mtu amelalaje!

"Nani huyo?"

"Wa hospitali," fundi alijibu.

"Hospitali gani inapiga simu kama mchumba?"

Fundi alicheka tu. Kicheko kile kilimchoma mkewe kuliko jibu lolote.

Mwezi uliofuata, fundi alisahau simu mezani. Ilipoita, Mama Pacha aliidaka.

"Habari. Namuulizia Baba Pacha. Anaendeleaje?"

"Amekufa. Tumeshazika. Usipige tena!"

Akakata, akaizuia namba. Siku hiyo alipika huku akiimba.

Siku chache baadaye, dada mmoja alibisha hodi. Alikuwa mzuri, tena mzuri wa kuudhi.

"Pole sana, mama. Mimi ni muuguzi wa utafiti. Nimekuja kuwapa pole, na kuuliza marehemu alifariki lini."

Fundi akatokea uani, vumbi la mbao kichwani. "Nani kafariki?"

Muuguzi alishika fremu ya mlango. Mama Pacha alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walipokaa, mambo yakawekwa wazi. Fundi alikuwa na moyo dhaifu, na mkewe alilijua hilo. Ila fundi alikuwa amejiunga na utafiti wa dawa bila kumwambia mkewe, asije akamtia hofu.

"Tunalinganisha dawa mpya na ya zamani," muuguzi alieleza. "Tunataka kujua ipi inarefusha maisha. Kwa hiyo lazima tujue nani yupo, nani ametutoka, na lini."

"Hata kama ni mtu mmoja?" aliuliza Mama Pacha.

"Hata mmoja. Kabla ya kuanza, watafiti walipanga. Dawa mpya ipunguze vifo kwa kiasi gani ndipo tuseme inafaa? Tuwafuatilie watu kwa muda gani? Wangapi huenda wakafariki, na wangapi tutapoteza habari zao? Hapo ndipo wakajua waalike watu wangapi. Wakiwa wachache, au muda ukiwa mfupi, dawa nzuri na mbaya zitaonekana sawa."

Fundi akadakia. "Ni kama rangi ya kuzuia mchwa, mke wangu. Siwezi kuijua kwa mlango mmoja, kwa wiki moja."

"Na mtu akikudanganya kwamba mlango ulio salama umeliwa?" muuguzi aliuliza.

"Nitaitupa rangi nzuri."

Mama Pacha aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Baba Pacha. Wivu ulinipofusha."

"Na mimi nilikuficha. Nisamehe."

"Akichoka na utafiti, anaruhusiwa kuacha," muuguzi aliongeza, "na matibabu yake hayatapungua. Atuambie tu ukweli."

"Basi chukua namba yangu," alisema Mama Pacha. "Nipigie mimi. Alivyolala, mimi ndiye ninayejua."

Tangu hapo hawakukosa hata simu moja. Utafiti ulipokaribia kwisha, sauti laini iliuliza tena, "Yupo?"

"Yupo, mzima. Anakoroma kama msumeno."

"Ashukuriwe Mungu! Mpe salamu zangu."

"Zimefika," alisema Mama Pacha, akakata simu. Hakumpa.