Muuaji Hakusema Neno, Nikamsemea

"Kwa nini alimuua bosi wake?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza yule mtu, jioni, jua bado linawaka, ndani ya studio yangu, akiwa ameshafunga mlango kwa ndani.

Nikadhani ni shabiki. Nikacheka.

Akachomoa bastola kiunoni, akailaza mezani pembeni ya maikrofoni, taratibu kama mtu anayeweka simu yake.

Jamani! Kicheko kilinikauka mdomoni.

"Nakuuliza mara ya pili, Domo. Muuaji wa ile filamu, kwa nini alimuua bosi wake?"

Ngoja niwaweke sawa kidogo.

Mimi natafsiri filamu kwa sauti. Zile filamu za kigeni mnazotazama huku mtu anawasimulia kila kitu, "oyaa, jambazi huyo nyuma yako!", mtu huyo ndiye mimi. Wameniita Domo, nami sijakataa. Domo ndilo linalonilisha.

Siri ya kazi yetu ni kwamba nusu ya lugha hizo hatuzijui. Tunasoma nyuso, tunabuni. Ila mwiko wetu mkubwa ni kimya. Ukinyamaza, mtazamaji anadhani spika imekufa, anaanza kupiga miluzi.

Sasa ile filamu ya majambazi ilikuwa na mwisho mgumu. Muuaji amemtumikia bosi wake tangu ujana. Mwishoni anaingia ofisini kwake, anamtazama... anamtazama weee... hasemi kitu. Bosi naye hasemi kitu.

Paa! Bosi chini. Filamu imeisha.

Sasa mtu kama mimi nitaachaje kimya kirefu hivyo? Nikampa muuaji sauti yangu:

"Bosi, ulimlegezea mdogo wangu bomba la breki, tairi la nyuma! Halafu ukaja msibani ukalia kuliko mama yetu! Ukanishika bega pale kaburini ukaniambia, kuanzia leo mdogo wako ni mimi. Haya, mdogo wangu, mfuate mwenzako!"

Paa!

Mabanda ya video yalilipuka kwa kelele. Nilisifiwa mpaka kichwa kikavimba.

Na sasa mtu alikuwa mbele yangu na bastola, anataka maelezo.

"Alikuwa analipiza kisasi cha mdogo wake, kaka," nikamjibu. Sauti yangu ilitoka nyembamba, mngeisikia mngenihurumia.

"Filamu ndiyo inasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Lugha ile unaijua?"

Nikajifanya natengeneza waya wa maikrofoni.

"Sikiliza, Domo. Mimi ni dereva wa mzee mwenye yadi ya malori. Dereva wake na mlinzi wake. Bastola hii kanipa yeye. Nilikuwa na mdogo wangu, naye akiendesha lori pale pale. Likamshinda mteremkoni, akafa. Watu wote wakaambiwa alisinzia."

"Pole sana, kaka..."

"Sijamaliza! Siku ya maziko mzee alinishika bega. Akaninong'oneza, 'Kuanzia leo mdogo wako ni mimi.' Alininong'oneza, Domo! Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Na breki je? Nililala mwenyewe chini ya lile gari lililopondeka. Nikaona nati imelegezwa kwa spana. Sikumwambia mtu, hata mama. Nilikuwa namsubiri aliyeilegeza ajitaje kwa kinywa chake. Leo nimekaa bandani na soda yangu mkononi, nakusikia wewe unanisimulia msiba wangu!"

Nikasogeza kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Mzee yuko ofisini kwake saa hizi, ananisubiri nimrudishe nyumbani. Kama ni kweli ndiye, safari yake inaishia leo. Kama si yeye, niambie nani kakupa maneno haya."

Wadau, maneno yale sikuyabuni. Nilipewa.

Nilipewa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu kwa baba. Yeye ni karani pale pale yadi, na huyo mzee ni mjomba wake. Mzee hana mtoto, akifa yadi ni ya mpwa. Shemeji ndiye aliyeniletea ile filamu kwenye flashi, akajigamba kwamba lugha ile anaijua.

"Shem, kile kimya cha mwisho, moyoni muuaji anasema hivi," akaniambia. Akanitajia bomba, tairi, bega, kaburi. Mimi nikayabeba kama yalivyo.

Sasa nifanye nini? Nikimtaja, huyu mtu atamuua kaka wa mke wangu. Nisipomtaja, anakwenda kumuua mzee wa watu.

Nikachagua uongo.

"Nilibuni tu, kaka. Wallahi nilibuni."

Akaichukua bastola yake. Akasimama.

"Maneno kama haya hayabuniwi. Kama huna mwingine wa kumtaja, basi ni mzee."

Akashika kitasa.

"Ngoja!" nikapiga kelele. "Ni shemeji yangu! Karani wa yadi! Yeye ndiye aliyenipa!"

Akageuka polepole. Nikaona uso wake unatafuta kitu mbali.

"Karani..." akasema. "Pale kaburini alikuwa nyuma yetu. Ameshika koleo."

Akarudi kwenye kiti, bastola ikiwa mapajani.

Na hapo hapo, nje, nikasikia honi ya pikipiki. Pii piii! Ni yake. Shemeji hupita kwangu kila akitoka kazini.

Dereva akanitazama. Mimi nikatazama chumba changu kidogo cha kurekodia, ukuta mzima magodoro ya kuzuia sauti. Nikamsukumia hedifoni.

"Ingia humo. Vaa hii. Utasikia kila kitu."

Maikrofoni nikaiacha mezani ikiwa wazi, nikaifunika kwa kofia yangu. Nikawasha mashine irekodi, nikafungua mlango.

"Shem wangu!" Shemeji akaingia akicheka. "Mji mzima unakutaja wewe!"

"Karibu, shem."

"Yule kijana wetu, dereva wa mjomba, ameiona filamu?"

"Ameiona. Wameniambia alitoka bandani bila kuaga mtu."

Macho yake yakang'aa. Nawaambia ukweli, niliogopa macho yale kuliko bastola.

"Safi! Mwache. Ataenda mwenyewe kwa miguu yake."

"Ataenda wapi, shem?"

"Aah, si nasema tu."

"Shem, nikuulize jambo. Watu wote wanasema yule marehemu alisinzia. Habari ya bomba la breki wewe uliitoa wapi?"

Akaacha kucheka. Akaniangalia kama anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ni filamu, shem."

"Hata lile tairi la nyuma?"

"Sikia!" Akanisogelea mpaka nikahisi pumzi yake. "Yule mtoto alikuwa na macho marefu. Yangemponza tu. Usitake yakuponze na wewe. Wewe kazi yako ni kusema, si kuuliza!"

Mlango wa chumba cha kurekodia ukafunguka.

Dereva akatoka, hedifoni ingali shingoni. Bastola mkononi.

Funguo za pikipiki zikamdondoka shemeji.

"Kaka... nisikilize... kaka..."

Dereva hakujibu. Akamtazama. Akamtazama weee...

Ilikuwa ile ile! Mwisho wa filamu, ndani ya studio yangu, na wote wawili wamenyamaza.

Mimi nilijua kinachofuata baada ya kimya kile. Nikafungua mdomo, sauti ikatoka ile ya kazini, yenyewe, bila kuiita:

"Muuaji akamtazama adui yake! Akamkumbuka mama yake... amezika mmoja, amebakiwa na mmoja! Akasema moyoni, nikimpiga huyu, mama atabaki peke yake. Na huyu hana pa kukimbilia, maana kila alichokisema kiko kwenye mashine ya Domo, aachwe hai akajibu! Muuaji... muuaji akaishusha bastola!"

Bastola ilibaki pale pale.

"Akaishusha, kaka," nikasema, na hapo sauti ilikuwa yangu mwenyewe. "Nakuomba. Akaishusha."

Akaishusha.

Halafu akalia, mtu mzima yule, kwa kwikwi, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Nami nikalia. Shemeji peke yake ndiye hakulia.

Polisi walimchukua shemeji studio kwangu. Rekodi ilipochezwa mbele yake akasema yote. Mdogo wa dereva alimfumania akinyonya mafuta kwenye malori ya mjomba wake. Shemeji akamtoa yule kijana njiani, kisha akataka kaka wa marehemu amwondolee na mjomba, yadi iwe yake. Bunduki yake ilikuwa dereva, na risasi aliziweka kwa mdomo wangu.

Mnadhani nilipongezwa nyumbani?

Mke wangu alifunga nguo zake akarudi kwao. Mlangoni aliniuliza jambo moja tu.

"Ulishindwa hata kumkonyeza akimbie? Kaka yangu?"

Usiku nalala upande wangu wa kitanda, upande wake siugusi.

Kuna jambo lilikuwa linanikereketa bado. Nikaibeba ile filamu hadi kwa mwalimu mmoja anayefundisha lugha ile. Nikamwonyesha mwisho wake.

"Mwalimu, huyu muuaji alimuua bosi wake kwa nini hasa?"

Akashangaa.

"Mbona wameshasema? Rudisha mwanzoni, pale anapoongea na simu."

Nikarudisha. Pale kwenye simu, kwenye toleo langu, mimi nilikuwa napiga domo: "Oyaa, jamaa anaagiza chai! Usisahau na maandazi!" Watu walicheka sana pale.

"Anaambiwa nini, mwalimu?"

"Anaambiwa, kamuue bosi wako. Yeye anauliza, kwa nini?"

"Enhe?"

"Anajibiwa, wewe kazi yako ni kupiga, si kuuliza."

Nilizima mashine. Nikakaa pale kwa mwalimu wa watu, mikono kichwani, akaniuliza kama naumwa.

Ndugu zangu, muuaji yule hakuwa na kisasi chochote. Alitumwa, akauliza mara moja, akakatwa kauli, akanyamaza, akaenda kuua. Mimi mwenzake hata hiyo mara moja sikuuliza mpaka bastola ilipolala mezani kwangu. Mtu akikupa maneno ya kwenda kusema, muulize kwanza ameyatoa wapi. Akikwambia kuuliza si kazi yako, mrudishie maneno yake.