Aliyekula Kwetu Hashtakiwi

Watu wa Lindi na watu wa Kawangware, sogeeni karibu. Hii wengine mliisikia bombani ikiwa imekatwa mkia, na wengine mliongezewa pilipili. Leo mtaipata nzima.

Asubuhi ile Kawangware 46 ilikuwa imetulia kama mtoto aliyeshiba. Sitelbanat, Mnubi wa kijiji cha Lindi kule Kibera, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake barazani kwa Nduta, akipika gurusa, ule mkate mwembamba wa Kinubi unaomiminwa kikaangoni kama uji. Kila siku alitoka Kibera na ndoo yake ya unga uliochachuka, akawalisha watu na kuwasengenya kwa wakati mmoja. Nduta, mwenye ploti ile ya nyumba za kupanga, alikuwa dukani mwake, mkono kwenye sukari, sikio nje. Alikuwa akisimulia habari za mpangaji aliyehama kisirisiri na pazia la jirani.

"Na pazia atalitundika wapi, na alikohamia hakuna dirisha?" Sitelbanat aliuliza, na wateja wakacheka.

Kicheko hakijaisha, pikapu ya polisi iliyokuwa imesimama mbele ya duka ikarudi nyuma. Haikupiga honi. Dereva, Sajenti Mutunga, alikuwa na simu sikioni, na macho yake yalikuwa kwa muuza miwa ng'ambo ya barabara. Gari likapanda baraza, likapindua jiko, likambana Sitelbanat ukutani. Paja likavunjika.

Tuseme kweli, kwa maana hadithi ya upande mmoja ni umbea tu: Mutunga hakukimbia. Alimbeba mwenyewe hadi hospitali, akisema "pole mama" njia nzima. Na ni hapo shida ilipoanzia, kwenye ile pole.

Sitelbanat hakuwa amezoea hata magongo wakati Mutunga alipofika Lindi. Hakuja peke yake. Alikuwa amemtafuta kwanza Mzee Hamdan, mjomba aliyemlea Sitelbanat, akamwangukia, akaja naye mlangoni pamoja na unga, sukari na mafuta ya kupikia. Nyumba ilikuwa imejaa, na nyumba ya Sitelbanat haijawahi kuwa tupu. Sasa Mnubi akifikiwa na mgeni hufanya nini? Sinia likaletwa. Mutunga akanawa, akakaa mkekani, akala na wenyeji.

Mzee Hamdan akajipangusa mdomo. "Yameisha," alisema. "Aliyekula kwetu hashtakiwi."

Hiyo ndiyo desturi ya nyumba ile tangu babu zao. Mtu mliyechangia naye sinia humpeleki mbele ya hakimu, jambo lenu linaishia chini ya paa lenu. Ni desturi nzuri. Imeokoa ndoa nyingi, na mipaka mingi ya viwanja.

"Matibabu yote ni juu yangu, mama," Mutunga aliahidi. "Korti ni ya watu wasiojuana."

Basi akawa mtu wa nyumbani. Kila mwezi alikuja na sukari, akala, akaleta umbea wa kituoni: nani amekamatwa na mke wa nani. Alijua udhaifu wa mwenyeji wake. Lakini Sitelbanat akigusia mguu, majibu yalikuwa yale yale. Bosi yuko likizo. Faili iko kwa mkubwa. Subiri bajeti isomwe. Na chuma kilichowekwa pajani kikalegea. Daktari akamwambia lazima apasuliwe tena, la sivyo yale magongo atazeeka nayo.

Binti yake, Iman, aliacha masomo ya ufundi wa umeme akashika kikaango. Kuna jioni moja alirudi kutoka Kawangware, akamkuta mgeni ameketi pale pale.

"Mathe, huyu karao anakucheza," alimwambia mamake jikoni. "Anakula gurusa, na hakuna doo ya operesheni."

"Polisi anayekula kwetu haitwi karao. Ni mgeni."

"Mgeni gani anajua kijiko kinawekwa wapi?"

Sitelbanat alicheka, halafu akamkaripia. Na nyinyi majirani, msijifiche nyuma ya mlango. Mlikuwepo, mkila lile sinia, mkisema afande kama huyu ni mmoja kwa elfu. Hakuna aliyeuliza mguu unaendeleaje.

Idd ikafika. Chumba kikajaa hadi watoto wakakaa dirishani. Mutunga alikuwa mahali pa heshima, ubavuni mwa Mzee Hamdan. Nduta naye akaja kutoka Kawangware, kama alivyokuja kila Idd, ingawa yeye ni wa kanisa. Miezi yote hiyo akiuliza habari za fidia aliambiwa "tunaelewana", akadhani wakili yuko kazini. Sasa akamwona waliyekuwa wakielewana naye, mashavu yake yamejaa pilau. Alipopewa sahani aliiweka chini.

"Kihara wangu aligongwa na lori la serikali," alisema, na mazungumzo yakafifia. "Tukaambiwa ngojeni, tutaelewana. Tukangoja kwa adabu. Tulipofika kortini tukaambiwa ajali ya gari la serikali inashtakiwa ndani ya mwaka mmoja, na mwaka wenu umepita. Mume wangu alikufa bado akichechemea, na fidia sikuiona. Sasa nakuuliza, afande, mbele ya watu: mwaka wa Mama Iman unaisha lini?"

Mkono wa Mutunga ulisimama kati ya sinia na mdomo. Mtu asiyejua kitu angeuliza, "Mwaka gani?" Mutunga hakuuliza.

"Mama," alisema, "leo ni sikukuu."

Sitelbanat alikuwa amenusa uongo wa watu maisha yake yote, wa wapangaji, wa waume, wa mafundi. Huu ulikuwa umekaa mkekani kwake karibu mwaka mzima na hakuunusa. Aliuegemeza mgongo ukutani.

"Ulijua?"

"Mama, mimi pia nina watoto. Nikiandikiwa kosa..."

"Nimekuuliza kama ulijua."

Mutunga akaliangalia sinia.

"Sitelbanat," Mzee Hamdan alinong'ona, "mtu ana tonge mkononi. Usituaibishe. Aliyekula kwetu..."

"Mla nawe hafi nawe, mjomba. Mimi niliweka sinia, yeye akaweka mtego juu yake. Wazee wetu walileta desturi hii izime ugomvi. Nani aliwaambia izime haki?" Akamgeukia Mutunga. "Maliza chakula chako. Hapa hakuna anayetoka na njaa. Kesho naenda kwa wakili. Ukitaka kuniona tena, njoo kortini."

Mutunga hakumaliza. Alitafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu wote waliokuwa wakimtazama, na mnajua viatu vikiwa vingi namna ile huchukua muda kuonekana.

Kesho yake Iman na Nduta walimshika mikono wakampeleka kwa Beth, wakili anayesaidia watu wa Kibera bila malipo. Beth alipiga hesabu, akavua miwani.

"Mama, mlango huu umebaki ufa. Ungemaliza kula Idd vizuri, ungefungwa."

Kesi ikaingia kabla mwaka haujaisha. Hapo ndipo polisi wawili walipoanza kupitia dukani kwa Nduta, kwa sababu yeye ndiye shahidi aliyeona gari likirudi nyuma. Mara leseni, mara usafi, mara wanasimama tu mlangoni.

"Mama, kwani umechoka na biashara?" mmoja alimuuliza.

"Mnanunua sukari, au mmekuja kunizuilia hewa?" alijibu Nduta. Usiku hakulala, hilo aliwaambia watu baadaye. Lakini mchana hakuna aliyemwona akitetemeka.

Kortini, wakili wa serikali alidai kwamba Sitelbanat alivuka barabara bila kuangalia. Nduta akapanda kizimbani na kitambaa chake cha kanisani.

"Alikuwa ameketi," alisema. "Tangu lini kigoda kikavuka barabara?"

Watu walicheka. Hakimu hakucheka, aliandika.

Wakili hakukata tamaa. Akamuuliza Sitelbanat kama si kweli kwamba alimsamehe afande, akamlisha, akapokea sukari yake.

"Nilimsamehe," Sitelbanat alijibu. "Msamaha ni kati yangu na Mungu wangu. Mguu ni kati yangu na serikali."

Ndipo Mzee Hamdan akaitwa. Lindi nzima ilikuwa imejiuliza atasema nini, na wengine walikuwa wameshaweka dau. Wakili akamuuliza kwa upole: je, yeye kama mkubwa wa familia hakutamka kwamba aliyekula kwao hashtakiwi?

"Nilitamka," mzee alisema, "na sijabadilisha. Aliyekula kwetu ni Mutunga. Aliyeshtakiwa hapa ni serikali, na serikali haijawahi kula kwetu."

Hakimu aliamua kwamba polisi aliendesha kwa uzembe, na serikali imlipe Sitelbanat. Kulipa kwenyewe kukawa safari nyingine. Kila Jumatatu Sitelbanat, Iman, Nduta na wanawake wa Lindi wasiopungua benchi mbili walikwenda kuketi kwenye korido ya ofisi ya serikali iliyopaswa kulipa.

"Mnamngoja nani?" karani aliwauliza.

"Tunangoja chetu," Sitelbanat alisema. "Endelea na kazi, hatuna haraka."

Walikaa hivyo hadi makarani wakawajua kwa majina, wakajua na umbea wa Lindi. Mwishowe pesa zikatoka. Sitelbanat akapasuliwa upya. Magongo ameyatupa, kuchechemea kumebaki. Iman amerudi kwenye nyaya zake za umeme. Mutunga anasemekana alihamishwa, na wapi sijui, ingawa nimeuliza.

FUNZO

Jamaa zangu, pole haiungi mfupa. Ukiumizwa na gari la polisi au gari lolote la serikali, pokea pole kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine tafuta wakili siku hiyo hiyo ukiweza. Mwaka mmoja ni mfupi, na kuna watu watakaokula nawe hadi uishe. Piga ripoti, tunza vyeti vya hospitali, na mlioona kwa macho msiwe mabubu kwa kuogopa leseni zenu. Nduta pia aliogopa, na alikwenda.

Desturi za nyumbani tuzishike, lakini tusimruhusu mwenye makosa ashike mpini, sisi tubaki na makali. Samehe mtu ukipenda. Anayekuumiza akiwa na sare, idai sare. Na usiidai kwa magoti, kwa kuwa fidia si sadaka.